Mmea mmoja, majina manne: uandike lipi kwenye daftari la dawa?

Anayeandika dawa za bibi yake kabla hazijapotea, anayefungasha unga wa majani ili auze, na mgonjwa anayeulizwa na daktari "umekunywa nini?" hukwama mahali pamoja: mmea huu uitweje? Mti uleule una jina la Kiswahili, una jina la kilugha ambalo wazee wa kijiji hulitumia, una jina la kisayansi la maneno mawili, na ukifika sokoni hubatizwa jina la nne. Hapa majina hayo manne yanapimwa kwa vipimo vilevile, kwa mifano ya mimea inayochumwa porini, vichakani na kwenye nyua za Afrika Mashariki, ili uchague kulingana na kazi uliyo nayo.

Tuanze na neno moja tu, mbono. Kwa watu wengine mbono ni mbarika, yaani mnyonyo, mmea ambao mafuta yake ni dawa ya zamani ya kufungua choo. Kwa wengine ni mbono kaburi, ule unaopandwa uani na makaburini. Mafuta ya mbarika yakikamuliwa vizuri huiacha sumu ya mbegu, risini, ndani ya mashudu. Mbono kaburi ni kinyume chake: sumu yake nyingine huingia ndani ya mafuta yenyewe, kwa hiyo mafuta hayo hayanyweki hata kijiko. Mimea hiyo ni rahisi kuitofautisha ukiwa umesimama mbele yake. Jani la mbarika lina vidole vingi, kati ya 5 na 11, vyenye ukingo wa meno, na tunda lake lina miiba laini. Jani la mbono kaburi halina meno na migawanyiko yake ni mifupi, na tunda lake ni laini juu. Lakini mafuta yakishaingia kwenye chupa, kinachobaki ni jina lililoandikwa kwenye karatasi. Likiwa "mafuta ya mbono" basi, mnywaji anabahatisha.

## Vipimo tutakavyotumia

Kipimo cha kwanza ni umoja: ukilitamka jina, msikilizaji anafika kwenye mmea mmoja, au anabaki na mitatu? Cha pili ni wasikilizaji: nani analielewa bila kufafanuliwa? Cha tatu ni uimara: miaka 20 ijayo jina litasomeka na kumaanisha kilekile? Cha nne ni mzigo, yaani habari ambazo jina lenyewe limebeba kuhusu sehemu ya mmea, matumizi, mahali au hatari. Cha tano ni kazi: utapita hatua ngapi kulipata bila kukosea?

## Jina la Kiswahili

Umoja. Jina la Kiswahili hushika vizuri pale ambapo mmea hauna pacha. Mbuyu ni mbuyu na mkwaju ni mkwaju, Lamu hadi Mtwara. Mambo huharibika mimea inapofanana. Mjafari, mti wenye miiba minene shinani, kwa kawaida ni Zanthoxylum chalybeum, lakini ndugu zake wa jenasi hiyohiyo, yaani kundi moja la mimea ya jamaa wa karibu, nao huitwa mjafari, na mchumaji wa magome hawezi kujua ni upi uliokusudiwa.

Pakanga ni mfano mzito zaidi. Pakanga ya asili ya nyanda za juu ni Artemisia afra, kichaka cha kudumu chenye majani ya kijivu. Pakanga iliyoletwa kulimwa ni Artemisia annua, mmea wa msimu mmoja wenye asili ya China, ambao ndio chanzo cha artemisinini ya dawa mseto za malaria. Ile ya kwanza haina artemisinini ya kutegemewa. Zote mbili hunukia kwa ukali na majani yake yamechanikachanika, hivyo jina moja limezifunika zote. Shirika la Afya Duniani halishauri chai wala unga wa artemisia kutibu au kuzuia malaria, na mkanganyiko wa jina unaongeza hatari juu ya hatari: mtu anakunywa pakanga isiyo na kiini kile alichosikia redioni, huku homa ya mtoto ikipanda.

Mwarobaini nao una mwenzake. Mwarobaini wenyewe, ambao pwani wengine huuita mkilifi, ni Azadirachta indica. Melia azedarach, mti wa kivuli na mapambo unaopandwa sana bara, mara nyingi huitwa mwarobaini pia, na matunda yake yana sumu. Tazama jani. La mwarobaini wa kweli lina kikonyo kimoja kirefu chenye vijani vilivyopinda kama mundu pande mbili. La Melia hugawanyika mara mbili: kikonyo kikuu hutoa vikonyo vidogo kwanza, ndipo vijani vifuate. Maua ya mwarobaini ni meupe, ya Melia ni ya urujuani hafifu. Melia ukipukutisha majani, matunda yake ya manjano hubaki yakining'inia kama shanga.

Wasikilizaji. Hapa Kiswahili hakina mpinzani. Mtu wa Kigoma na mtu wa Mombasa wasiojua neno la kilugha la mwenzake watakutana kwenye mwarobaini. Hata hivyo usidhani neno lako ndilo la wote: Moringa oleifera ni mlonge kwa mmoja, mronge kwa mwingine na mzunze kwa wa tatu, na wote watatu wanazungumza Kiswahili kizuri.

Uimara. Majina ya msingi yameandikwa kwenye kamusi na hayayumbi sana. Yanayoyumba ni viongezo vyake: mwitu, pori, dume, jike. Neno "mwitu" halina maana kwamba ni mmea uleule uliokimbilia porini. Mtopetope wa shambani na mtopetope mwitu (Annona senegalensis) ni spishi, yaani aina, mbili tofauti. Anayeambiwa "mizizi ya mtopetope mwitu" akaenda kuchimba mtopetope wa jirani ameshapotea.

Mzigo. Kiswahili kina zawadi ambayo majina mengine hayana, nayo ni ngeli. Mkwaju ni mti, ukwaju ni tunda. Mbuyu na ubuyu, mkunazi na kunazi, mtunguja na tunguja, vivyo hivyo. Mshubiri ni mmea, shubiri ni ule utomvu mchungu. Ukiandika "shubiri" umeshataja sehemu, tena sehemu inayoharisha kwa nguvu na isiyofaa kwa mjamzito, tofauti kabisa na ute usio na rangi wa ndani ya jani unaopakwa kwenye ngozi. Ndiyo maana kosa la herufi moja mwanzoni mwa neno hubadili dawa. Bibi akisema "majani ya mkwaju" nawe ukaandika "ukwaju", mjukuu atakayesoma daftari atachemsha matunda.

Majina mengine hubeba sifa au imani. Mwarobaini unadai magonjwa arobaini. Mwingajini (Senna occidentalis) unadai kufukuza majini. Hayo ni maelezo ya jinsi watu walivyouthamini mmea, nayo ni mali ya kuhifadhi, lakini si uthibitisho wa tiba. Mbegu za mwingajini zimewahi kudhuru watoto waliozila, na jina halikutahadharishi kwa hilo.

Kazi. Ni ndogo, ilimradi uulize vizuri. Mwoneshe mtu mmea wenyewe, uliza "huu mnauitaje?", kisha nyamaza. Ukiuliza "huu si mjafari?", mzee mwenye adabu atakubali ili asikuvunje moyo. Uliza watatu, kila mmoja peke yake. Wawili wakitofautiana andika majina yote mawili, kwa sababu huenda wote wako sahihi.

Linamfaa nani. Anayefundisha familia, anayezungumza na watu wa makabila mengi, anayeandika lebo ya bidhaa ya kuuzwa nchini. Halimfai peke yake anayehifadhi dawa ya kunywa yenye pacha wa sumu.

## Jina la kilugha

Umoja. Ndani ya eneo lake, jina la kilugha mara nyingi huwa kali kuliko la Kiswahili, kwa sababu limetungwa na watu wanaoishi na mmea huo na wanaojua gharama ya kuukosea. Mwaka 2011 maelfu ya watu walipofuata kikombe cha dawa cha shilingi 500 cha Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila kule Samunge, Loliondo, jina lililosambaa lilikuwa mugariga. Wamaasai wanakiita kichaka hicho olamuriaki, Wakikuyu mukawa, Wajaluo ochuoga. Ni Carissa spinarum, ambayo vitabu vingi bado vinaiita Carissa edulis: kichaka chenye miiba na matunda matamu ambayo watoto wachungaji huyala. Aliyesikia "mugariga" akiwa Kisumu hakuwa na njia ya kujua kwamba huenda kichaka hichohicho kimeota nyuma ya nyumba yake.

Na hapo ndipo penye hatari. Carissa ina jamaa wa familia moja, Acokanthera, ambao Wamaasai huuita olmorijoi na Wakamba kivai. Magome na mbao za mti huo huchemshwa kupata sumu ya mishale, sumu inayoshika moyo. Mimea yote miwili hutoa utomvu mweupe, yote ina majani magumu yanayong'aa, maua meupe yenye wekundu na harufu tamu, na matunda yanayoiva kuwa ya zambarau iliyokolea. Tofauti ya haraka ni miiba: Carissa inayo, Acokanthera haina. Kwa Mmaasai, olamuriaki na olmorijoi ni maneno yasiyoweza kuchanganywa. Kwa mgeni anayeyaandika kwa kusikia tu, ni maneno yanayoanza karibu sawa na kwenda karibu sawa. Jina kali katika kinywa cha mwenye lugha hupoteza makali yote likiandikwa na asiyeijua.

Wasikilizaji. Ni wachache, lakini ndio wanaojua zaidi. Ukivuka mto, jina linaweza lisieleweke. Vernonia amygdalina, mmea mchungu ambao Watanzania wengi huuita mtugutu, Uganda ni omululuza kwa Waganda, na Rwanda na Burundi ni umubirizi. Mganga wa Bujumbura na wa Bukoba wanaweza kuwa wanazungumzia mti mmoja kwa saa nzima wakidhani ni miwili.

Uimara. Linategemea wasemaji. Mtoto aliyekulia mjini anaweza kuijua lugha ya nyumbani kwa salamu na chakula, asijue jina la mti hata mmoja. Tena mmea ukiadimika, jina linaweza kuhamia kwenye unaofanana nao. Tahajia ni tatizo jingine: mjafari uleule Usukumani huandikwa mlungulungu na pia nlungulungu, na anayetafuta kwa herufi M hatamwona aliyeandika kwa N.

Mzigo. Hakuna jina linalobeba zaidi. Kigelia africana, mvungunya au mwegea wa Kiswahili, kwa Wakikuyu ni muratina, na hilo ndilo jina la pombe ya asali inayochachushwa kwa tunda lake lililokaushwa. Jina limebeba matumizi, sehemu na namna ya kuandaa kwa pamoja. Na maandalizi hayo yana maana, kwani tunda bichi la mvungunya lina sumu.

Kazi. Unahitaji msemaji wa lugha, mmea ukiwa mbele yenu, na dakika kumi za kurudiarudia matamshi. Mwombe mtu anayejua kuiandika lugha hiyo aandike kwa mkono wake mwenyewe. Kila jina liandamane na lugha na mahali: "mukawa (Kikuyu, Nyeri)", kamwe si "mukawa" likining'inia peke yake.

Linamfaa nani. Anayehifadhi maarifa ya ukoo, anayekwenda kuchuma na wenyeji, mtafiti anayetaka kujua ni nini watu wenyewe wanakitofautisha. Kwa lebo ya dukani Dar es Salaam halisaidii.

## Jina la kisayansi

Umoja. Hili lilitengenezwa kwa kazi hiyo. Tangu Carl Linnaeus alipouweka mfumo wa maneno mawili mwaka 1753, neno la kwanza ni jenasi, huanza kwa herufi kubwa; la pili ni la spishi, huandikwa kwa herufi ndogo. Kwa wakati mmoja, spishi moja ina jina moja linalokubalika. Lakini umoja huo ni wa jina, si wa mtu aliyeliandika. Ukiubandika mmea jina la kisayansi usilolithibitisha, umeligeuza kosa lako kuwa kosa linaloheshimika, na hilo ni baya kuliko kuandika "mti usiojulikana".

Hata tahajia inauma. Mwarobaini uliwahi kuitwa Melia azadirachta. Pacha wake mwenye matunda ya sumu ni Melia azedarach. Mbili hizo zimepishana kwa herufi chache tu, na zipo kwenye vitabu vya zamani vinavyonakiliwa mpaka leo.

Wasikilizaji. Mfamasia, mtafiti, afisa wa misitu, forodha, kituo cha sumu popote duniani. Ndugu aliye Muscat au Toronto anayetaka daktari wake auangalie mmea kwenye kanzidata hana jina jingine la kumpa. Bibi kijijini hatalielewa, wala halimhusu.

Uimara. Watu hudhani ni jina lisilobadilika. Hubadilika. Pygeum africanum, mti ambao magome yake huchumwa kwa ajili ya tezi dume, sasa ni Prunus africana, ingawa biashara bado inauita pygeum. Cassia occidentalis imekuwa Senna occidentalis. Migunga ya Afrika iliyokuwa Acacia imegawanywa kati ya Vachellia na Senegalia, baada ya mkutano wa wataalamu wa mimea uliofanyika Vienna mwaka 2005 kuliacha jina Acacia kwa miti ya Australia. Vernonia amygdalina siku hizi huandikwa pia Gymnanthemum amygdalinum. Na ile mitunguja yenye ndulele za manjano kando ya njia, ambayo kwa miaka mingi imeandikwa Solanum incanum, mingi yake wataalamu wanaihesabu sasa kuwa Solanum campylacanthum.

Tofauti na majina mengine, mabadiliko haya yameandikwa. Ukiwa na jina la zamani, kanzidata ya bustani ya Kew ya Uingereza itakupeleka kwenye jipya bila malipo. Kwa hiyo andika jipya, na la zamani liweke kwenye mabano.

Mzigo. Linataja ukoo wa mmea, na ukoo hudokeza kemia yake. Ukishajua kwamba Carissa na Acokanthera ni wa familia moja, Apocynaceae, unajua pia kwa nini utomvu mweupe wa familia hiyo unastahili tahadhari. Lakini kuhusu sehemu, kipimo au maandalizi halisemi neno.

Kazi. Hapa ndipo wengi hukata tamaa, ingawa hatua zenyewe si ngumu.

Kata tawi la sentimita 30 hivi lenye majani, pamoja na maua au matunda. Bila maua wala matunda mtaalamu mara nyingi ataishia kwenye jenasi. Kipande cha gome au mzizi peke yake hakitoshi hata kidogo, na ndicho watu hupenda kupeleka. Litandaze tawi ndani ya gazeti lililokunjwa, ugeuze jani moja au mawili ili upande wa chini uonekane. Rundika magazeti, weka mbao juu na chini, funga kwa kamba au ulaze mawe juu yake. Badilisha magazeti kila siku kwa siku nne za kwanza, kwani unyevu usipotoka, kuvu huingia na majani huwa meusi. Usiweke kamwe kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa kwa zaidi ya siku. Jani nene kama la mshubiri lipasue katikati kwa urefu na ukwangue ute wa ndani, la sivyo litaoza kabla ya kukauka. Mimea mingi hukauka kwa wiki moja hadi mbili.

Sampuli bila maelezo ni takataka kavu. Siku ileile ya kuchuma andika tarehe, kijiji na wilaya, mwinuko ukiweza, aina ya mahali (bondeni, kichuguuni, kando ya mto), urefu wa mmea, rangi ya maua na ya utomvu, maana rangi hizo hupotea zikikauka. Andika pia majina yote uliyoambiwa na lugha zake, na aliyechuma. Ndipo uipeleke hebaria, yaani hifadhi ya sampuli za mimea iliyokaushwa: ya Taifa ya Tanzania iko Arusha, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina yake, ya Afrika Mashariki iko kwenye Makumbusho ya Taifa ya Kenya jijini Nairobi, na Uganda ipo Chuo Kikuu cha Makerere. Chuma sampuli mbili zinazofanana, moja ibaki kwao na nyingine kwako, zikiwa na namba moja.

Programu za simu zinazotambua mimea kwa picha ni msaada wa kuanzia tu. Hujibu kwa kulinganisha na picha zilizonazo, na mimea mingi ya vichaka vyetu ina picha chache humo, hivyo zinaweza kukupa kwa uhakika mkubwa jina la mmea ambao haujawahi kuota Afrika.

Linamfaa nani. Mtafiti, msindikaji, msafirishaji, mwandishi wa kitabu, na yeyote anayeandika kuhusu mmea wa kunywa wenye pacha wa sumu.

## Jina la sokoni

Umoja. Ni dhaifu kuliko yote. "Vumbi la Kongo" halisemi ni mmea gani, wala kama ni mmea mmoja. "Dawa ya tumbo" ni chochote. Katika kundi hili ningeingiza pia "alovera", kwa kuwa sokoni neno hilo hubandikwa kila mshubiri. Aloe vera halisi ni mmea wa kupandwa, maua yake ni ya manjano. Mishubiri ya porini Afrika Mashariki ni spishi nyingi, na mingi ina maua mekundu au ya rangi ya matumbawe.

Wasikilizaji na mzigo. Lina nguvu moja ya kweli: mnunuzi analijua, na linataja matumizi moja kwa moja. Muuzaji anayelikwepa kabisa atauza kidogo.

Uimara. Hufuata mkumbo. Linavuma msimu mmoja, kisha linahamishiwa kwenye unga mwingine bila mtu kutangaza.

Kazi. Hakuna, ndiyo sababu limeenea. Lakini lina gharama zinazojificha. Mishubiri yote isipokuwa Aloe vera imo kwenye orodha za mkataba wa CITES wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini, na Prunus africana imo kwenye Kiambatisho cha II tangu 1995. Anayesafirisha utomvu wa mshubiri wa porini kwa jina la "alovera" anaweza kukamatwa mpakani kwa kukosa kibali, hata kama hakukusudia kudanganya.

Linamfaa nani. Mazungumzo ya kaunta. Lisiandikwe peke yake popote pengine.

## Ukichagua zaidi ya moja

Daftari zuri halilazimiki kuchagua jina moja; linachagua lipi litangulie. Mfano wa maandishi yanayojitosheleza:

"Mjafari (Kiswahili), mlungulungu (Kisukuma). Zanthoxylum chalybeum, zamani Fagara chalybea. Imethibitishwa hebaria, sampuli namba 14. Gome la shina, kavu. Miiba minene shinani, jani hunukia likifikichwa. Limechumwa kijiji fulani, Juni, mti wenye matunda."

Kama hujathibitisha jina la kisayansi, andika "huenda" mbele yake. Neno hilo moja linamwokoa msomaji asikuamini kuliko unavyojiamini mwenyewe.

## Kwa hali yako

Unaandika dawa za bibi yako akiwa bado hai? Anza na jina la kilugha, kwa sauti yake, ukirekodi kwa simu anavyolitamka. Kiswahili kifuate siku hiyohiyo. Kisayansi kinaweza kungoja hadi utakapokusanya sampuli, lakini picha zisingoje: mmea mzima, jani pande zote mbili, ua, tunda, gome, na rula au sarafu kando kwa ajili ya kipimo.

Unanunua sokoni? Muulize muuzaji jina la Kiswahili na la kilugha cha alikotoka mchumaji, na sehemu ya mmea. Akikupa jina la matumizi tu na hajui zaidi, usinunue cha kunywa. Gome na mzizi uliokwisha kusagwa hakuna mtu anayeweza kuutambua kwa macho. Nunua vipande vizima.

Unafungasha ili uuze nchini? Kiswahili mbele kwa herufi kubwa, kisayansi chini yake, kisha sehemu ya mmea. Nchini Tanzania dawa za asili husajiliwa kwa Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, na jina lisilo na mmea nyuma yake halikufikishi mbali. Ukilenga soko la nje, kisayansi ndicho kitangulie, na uhakikishe hadhi ya spishi kwenye CITES kabla ya kuchuma, si baada ya kufungasha.

Unafundisha watoto au kikundi cha kijiji? Kiswahili na kilugha vinatosha, ila mapacha wa sumu yafundishwe kwa kuoneshana mimea miwili pamoja: jani la mwarobaini kando ya la Melia, tawi lenye miiba kando ya lisilo na miiba.

Mgonjwa yuko hospitali baada ya kunywa dawa ya mitishamba? Sema majina yote unayoyajua bila kuchagua, pamoja na alikoipata dawa, sehemu gani, kiasi gani na saa ngapi amekunywa. Kisha mtume mtu nyumbani akalete mabaki ya mizizi, pakiti, au tawi la mti wenyewe, ndani ya mfuko wa karatasi, na mpe daktari mkononi.